Mbu wa Kilombero, Vitabu vya Sayansi na Imani ya Vijana Wetu

(Mada iliyotolewa mbele ya walimu wa madrasa na wanafunzi wa Kiislamu wa sekondari, Ifakara)

  



Tumeombwa tuzungumzie vitabu vya sayansi vinavyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida: vile vinavyoeleza asili ya ulimwengu na asili ya viumbe, na ambavyo mara nyingi humfikisha msomaji kwenye swali la kuwepo kwa Muumba. Zamani kitabu cha namna hiyo kilimfikia mtu mmoja mmoja, aliyesoma Dar es Salaam au ng'ambo. Leo kijana wa Mang'ula au Mlimba hukipokea kwenye simu, bure, usiku, akiwa peke yake. Hapo kwenye upweke wake ndipo penye shughuli yetu.

Kitabu cha Stephen Hawking kuhusu historia fupi ya wakati kilitoka mwaka 1988, nacho kimeuzwa zaidi ya nakala milioni 10 duniani. Kitabu cha Richard Dawkins kinachodai kuwa kumwamini Mungu ni njozi kilitoka mwaka 2006. Dawkins, kwa taarifa yenu, alizaliwa Nairobi mwaka 1941, basi tusimhesabu kuwa mtu wa mbali kabisa. Upande wa pili kuna vitabu vya kuwajibu watu hawa, vikiongozwa kwa wingi na vile vya Harun Yahya wa Uturuki, vyenye karatasi za kung'aa na picha za rangi. Kijana wetu amekaa katikati ya mafungu haya mawili, na mwalimu wake wa madrasa kwa kawaida hajasoma hata fungu moja.

Tunalotaka kulisema leo ni hili: mwalimu anayekanusha jambo ambalo mwanafunzi wake analiona kwa macho katika bonde hili hili hailindi imani ya mwanafunzi huyo. Anachofanya ni kujiondoa yeye mwenyewe katika orodha ya watu wanaoulizwa.

Tuanze na pale kijana anapokutana na jambo lenyewe. Kwa mtaala uliotumika kwa miaka mingi katika sekondari zetu, mwanafunzi hukutana na mageuko ya binadamu akiwa kidato cha kwanza, tena katika somo la historia. Baiolojia huja kuifundisha mada hiyo kidato cha nne. Maana yake ni kuwa mtoto wa miaka kumi na minne huambiwa habari za mababu wa kale kabla hajafundishwa urithi wa viumbe hufanyika vipi. Anakariri majina na picha ya watu wanaotembea kwa mstari, wa kwanza ameinama, wa mwisho amesimama wima.

Katika majina hayo lipo la Zinjanthropus. Fuvu lake alilipata Mary Leakey kule Olduvai mwezi Julai 1959, nalo limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Waliosoma Kiarabu wataitambua sehemu ya kwanza ya jina hilo: Zinj ndilo neno wanajiografia wa Kiislamu walilolitumia kwa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Wanafunzi wengi hutoka darasani wakiamini kuwa huyo ndiye babu yao. Wanasayansi wenyewe hawasemi hivyo. Leo wanamhesabu kuwa tawi la pembeni lililotoweka. Wala hawasemi kuwa binadamu ametokana na nyani hawa wanaovuka barabara pale Udzungwa. Wanasema kuwa nyani hao na binadamu wana asili moja ya kale mno. Mtu anaweza kuikataa kauli hiyo, lakini aikatae hiyo iliyosemwa. Khutba nzima dhidi ya maneno ambayo hakuna mwanasayansi aliyeyasema ni pumzi iliyopotea.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1957 Waswisi chini ya Profesa Rudolf Geigy walifungua maabara katika mji wetu huu, nayo ndiyo iliyokua hadi ikawa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua. Kwa miongo mingi watafiti wamekuwa wakiwakamata mbu wa bonde hili, wakiwahesabu na kuwachambua. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga ziliingizwa katika mradi wa vyandarua vyenye dawa uitwao KINET, na wazee mliopo hapa mtalikumbuka jina la "Zuia Mbu". Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa kunusurika kwa watoto wa umri wa kati ya mwezi 1 na miaka 4 waliolala ndani ya vyandarua hivyo kuliongezeka kwa asilimia 27. Hiyo ni neema, na wako vijana katika ukumbi huu ambao pengine wasingekuwepo lau si kitambaa kile.

Kisha mbu wakabadilika. Tunaomba tulieleze hili polepole, kwa sababu ndani yake mna kiini cha maneno yote ya leo.

Katika mbu wengi wanaotoka kwenye dimbwi moja la jaruba la mpunga, wote hawafanani. Wako wachache waliozaliwa na kitu cha ziada mwilini: vimeng'enya vingi zaidi vinavyoivunja sumu kabla haijaua. Pasipokuwa na sumu, jambo hilo haliwafaidii kitu. Chandarua chenye dawa kinapotundikwa, wengine hufa, na hawa wachache huishi na kutaga mayai. Watoto wao hurithi walichonacho wazazi. Kizazi cha mbu ni suala la wiki chache tu, hivyo katika miaka kumi vizazi vingi vimekwisha kupita. Hakuna mbu hata mmoja aliyejifunza kushindana na dawa, wala hawakukaa kikao. Aliyekufa hakuacha mtoto, aliyepona aliacha. Kufikia miaka ya 2010 usugu dhidi ya dawa za jamii ya pairethroidi ulikuwa umeenea katika bonde letu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa jamii moja ya mbu, Anopheles funestus, ambayo kwa idadi si wengi kuliko wenzao, ndiyo inayobeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizo ya malaria katika vijiji vilivyochunguzwa, na mbu hao ni sugu mno.

Jibu la wataalamu lilitokana na kuelewa hayo hayo. Vikatengenezwa vyandarua vyenye kemikali ya pili inayoviziba vile vimeng'enya, ili dawa ipate nafasi ya kufanya kazi. Jaribio lililofanyika Muleba, mkoani Kagera, na kuchapishwa mwaka 2018, lilionyesha kuwa vyandarua hivyo vinawakinga watoto zaidi kuliko vile vya kawaida.

Tena hata vijidudu vya malaria vyenyewe vimepita njia hiyo. Mnaikumbuka klorokwini na uchungu wake, na kuwasha mwili kwake. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria kwa kuwa vijidudu havikufa tena. Ikaja SP, nayo ikachoka, na mwaka 2006 ikaingia dawa ya mseto.

Ndugu zetu, jambo hili ndilo Charles Darwin aliloliandikia kitabu mwaka 1859 na kuliita uteuzi wa asili. Lipo chumbani mwetu, linalia masikioni mwetu usiku. Mtu akipanda mimbari hapa Ifakara akasema kuwa kugeuka kwa viumbe ni uzushi mtupu wa makafiri, kijana aliyefanya mazoezi ya maabara, au ambaye kaka yake anakamata mbu kwa ajili ya utafiti, atanyamaza kwa adabu. Lakini moyoni atakuwa ameweka alama. Atajiuliza: ikiwa ustadh hajui hili lililo wazi, na yale ya Akhera asiyoweza kuyaona mtu, je?

Je, mbu kuwa sugu kunathibitisha kuwa viumbe vyote vina asili moja? Hapana, peke yake hakuthibitishi. Mbu sugu bado ni mbu, na wanaosema hivyo wanasema kweli. Ila wasidhani kuwa wamemaliza mjadala, maana madai ya asili moja yanasimama juu ya dalili nyingine: visukuku vilivyopangika katika tabaka za ardhi kwa zama, ulinganifu wa vinasaba, na mambo kama hili: binadamu ana kromosomu 46, sokwe ana 48, na kromosomu moja ya binadamu, ile ya pili, ina alama za kuwa ni mbili zilizounganika. Dalili hizi si za kuchekwa. Anayetaka kuzijibu na azisome kwanza, na ajue kuwa kazi hiyo haimalizwi kwa dakika tano baada ya sala ya Alasiri.

Sasa mizani yetu ni ipi? Wanazuoni wetu walituachia mizani kabla ya hao akina Darwin. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, aliandika kitabu kikubwa juu ya kuondoa mgongano baina ya akili na mapokezi. Muhtasari wa kanuni yake ni kwamba dalili mbili za yakini hazipingani kamwe, iwe zote ni za akili, zote za mapokezi, au moja huku na moja kule. Ikipingana ya yakini na ya dhana, hutangulizwa ya yakini kwa sababu ya uyakini wake. Basi kazi ya mwanafunzi ni kuuliza mara mbili: jambo hili katika sayansi ni la yakini au la dhana? Na fahamu yetu ya aya hii ni ya yakini au ni rai ya mfasiri mmoja?

Kabla yake Imam Al-Ghazali, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kuwapendelea wanafalsafa, alitanguliza onyo katika kitabu chake cha kuwabomoa wanafalsafa hao hao. Alitoa mfano wa kupatwa kwa jua na mwezi. Wanahesabu wamekueleza kwa dalili kuwa mwezi umeingia baina ya jua na ardhi. Ukisimama kuwapinga kwa jina la dini umeidhuru dini, kwa kuwa mwenye kuijua hesabu hiyo hataitilia shaka hesabu, bali ataitilia shaka dini. Maneno hayo yana zaidi ya miaka mia tisa, na bado hayajasomwa vya kutosha katika madrasa zetu.

Na asili yake ni Sunna. Mwaka wa 10 Hijria jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w). Watu wakasema jua limehuzunika. Angekuwa mtu mwingine angeliacha neno hilo lienee, kwani lilikuwa la kumtukuza yeye na mwanawe. Mtume (s.a.w) alilikataa hadharani, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah na hazipatwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu, kisha akawasalisha. Vijana wa wakati huo mtakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete na watu wakafurika Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama. Saa na dakika zilikwishatangazwa kabla. Hakuna Muislamu aliyesema kuwa, kwa kuwa wataalamu walijua saa yake, swala ya kupatwa kwa jua imefutwa. Hesabu ilibaki hesabu na ibada ikabaki ibada. Kwa nini basi mbu atushinde?

Tunalazimika kusema neno juu ya vitabu vya kujibu, hata kama litawachoma baadhi ya wapenzi wake. Mwaka 2006 Harun Yahya, ambaye jina lake halisi ni Adnan Oktar, alianza kutoa kitabu kikubwa cha picha akiweka visukuku upande mmoja na viumbe hai upande wa pili, ili kuonyesha kuwa hakuna kilichobadilika. Kiligawiwa bure nchi nyingi. Katika picha za wadudu walio hai mlikuwa na mdudu ambaye, alipotazamwa vizuri, alionekana kuwa ni chambo bandia cha kuvulia samaki, na ndoano yake imejitokeza wazi. Mvuvi yeyote wa Kindamba wa mto Kilombero angeiona ndoano ile kwa kutupa jicho mara moja. Vitabu vya watu wanaoipinga dini vikaichukua picha hiyo na kuwachekesha wasomaji wao kwa gharama ya Qur'an, nayo Qur'an haikuhusika kabisa. Mwandishi huyo alikamatwa mwaka 2018. Mwaka 2021 mahakama ya Istanbul ilimhukumu kifungo cha zaidi ya miaka elfu moja kwa makosa yakiwemo ya kuongoza genge la uhalifu na udhalilishaji wa kijinsia, na kesi iliporudiwa mwaka 2022 kifungo kikapindukia miaka elfu nane. Uovu wa mtu si hoja dhidi ya kila alichokiandika, hilo tunalijua. Lakini kumfanya mtu wa namna hiyo kuwa wakili wa itikadi ya watoto wetu ni uzembe, na ndoano ile ilikuwa inaonekana tangu mwanzo.

Tugeukie ulimwengu. Hapa kuna kosa la aina nyingine, nalo ni la haraka ya furaha. Wanasayansi wanasema kuwa ulimwengu ulikuwa umebanana na wenye joto kali mno, ukaanza kutanuka yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita. Dalili zake ni nzito: galaksi zinakimbiana, na mwaka 1965 ilitangazwa kugunduliwa kwa mnururisho hafifu uliojaa angani pande zote, mabaki ya joto la kale. Wahubiri wengi wakakimbilia aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa, inayotaja mbingu na ardhi kuambatana kisha kutenganishwa, wakasema: haya, sayansi imesilimu.

Watu wengine walikwisha kuipita njia hii. Aliyekuwa wa kwanza kuipendekeza nadharia hiyo, Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padri wa Kikatoliki. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alihutubia akiifanya nadharia ile kuwa kama ushahidi wa uumbaji. Padri Lemaître hakufurahi. Aliona kuwa nadharia ya fizikia isimame kwa miguu yake, na dini isifungwe kamba kwenye jambo linaloweza kurekebishwa kesho. Haki tuichukue hata ikitoka kwa padri.

Na marekebisho hayakukawia. Hawking, ambaye ujanani alishiriki kuonyesha kwa hesabu kuwa ulimwengu una mwanzo, akaja na pendekezo jingine: wakati huenda hauna ukingo, kama uso wa ardhi usivyo na ukingo japo una kikomo. Katika kitabu chake cha 1988 akauliza, ikiwa ni hivyo, Muumba ana nafasi gani? Mwaka 2010, katika kitabu alichoandika na mwenzake Leonard Mlodinow, akasema kuwa Mungu hahitajiki kuuanzisha ulimwengu. Kijana aliyeambiwa kuwa Mlipuko Mkuu ndio hoja ya kuwepo kwa Allah, akifika ukurasa huo, hoja yake imeporomoka yote.

Lakini aliyesoma ilmul kalaam kwa utulivu haporomoki. Suala la kuwa na mwanzo ni hoja moja tu. Iko nyingine, ya uwezekano: kila tunachokiona kingeweza kuwa vingine au kutokuwepo kabisa, na kisichokuwa na sababu ya kuwepo ndani ya nafsi yake humhitaji wa kukifanya kiwepo, kila lahadha, na si siku ya kwanza pekee. Wanafalsafa wa Kiislamu kama Ibn Sina waliukubali ulimwengu usio na mwanzo na bado wakamthibitisha aliye wa lazima kuwepo. Sisi tunapingana nao katika ukale wa ulimwengu, na Al-Ghazali aliwakufurisha kwa hilo. Hata hivyo mfano wao unatosha kumwonyesha kijana kuwa daraja la Hawking, kutoka kwenye "hakuna ukingo" hadi kwenye "hakuna Muumba", halifiki ng'ambo. Sheria za fizikia anazozitegemea nazo ni nani aliyezifanya ziwepo? Hapo Hawking hakuwa tena anapima nyota. Alikuwa anafanya falsafa, na katika falsafa hakuwa na cheo kuliko mwenzake yeyote.

Dawkins naye ni vivyo hivyo. Anapoeleza jinsi jicho linavyoweza kujengeka hatua kwa hatua, anaeleza vizuri kuliko waandishi wengi, na tumpe haki yake. Anaporuka kutoka hapo na kusema kuwa kwa hiyo hakuna aliyekusudia, amebadilisha somo bila kumwambia msomaji. Mkulima wa Kilombero anajua kuwa mvua ya masika huletwa na pepo zinazobeba unyevu kutoka Bahari ya Hindi, ukagota kwenye milima ya Udzungwa. Kujua kwake hakumzuii kuswali swala ya kuomba mvua. Anayeamini kuwa Allah huumba kwa sababu alizoziweka Mwenyewe haoni kuwa kila sababu inayogunduliwa ni shamba alilonyang'anywa Mola wake. Mwenye hofu hiyo ni yule aliyemweka Mungu wake kwenye mapengo ya elimu, na mapengo huzibwa.

Limebaki la Adam (a.s), na hatutalikwepa. Katika wanazuoni wapo wanaoikataa nadharia yote. Wapo wanaoikubali kwa viumbe vingine na kuwatoa binadamu wote. Wapo wanaomtoa Adam na Hawa peke yao, wakasema kuwa tunayoyajua kwa yakini ni kuumbwa kwa Adam bila wazazi, na mengine ya viumbe wa kale waliofanana na binadamu maandiko yameyanyamazia, nasi tuyanyamazie. David Solomon Jalajel ameitetea njia hiyo kwa utaratibu wa kiusuli. Na wapo kama Rana Dajani, mwanabaiolojia wa Jordan, wanaoikubali nadharia bila ya kumtoa yeyote. Mwaka 2021 Shoaib Ahmed Malik alizipanga rai hizi katika kitabu kimoja akizipima kwa mizani ya Al-Ghazali. Wala mjadala si mpya: mwaka 1888 Sheikh Hussein al-Jisr wa Tripoli ya Sham aliandika kuwa sisi tunashikamana na dhahiri ya maandiko, na endapo ingekuja dalili ya kukata, taawili ina mlango wake.

Msimamo tunaoushika sisi ni huu: Adam aliumbwa kwa amri ya Allah, hakuzaliwa. Aya ya 59 ya Aal Imran inamfananisha Isa (a.s) naye katika kuumbwa. Isa alizaliwa bila baba, na hakuna Muislamu aliyesema kwa sababu hiyo kuwa elimu ya uzazi ni uongo. Muujiza ni muujiza kwa kuwa kanuni ipo. Kadhalika kuumbwa kwa Adam hakutulazimishi kuzikana nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.66 iliyopita huko Ngorongoro. Nyayo zile ni za viumbe waliosimama wima. Kuwa viumbe hao walikuwa na uhusiano gani na kizazi cha Adam, Qur'an haikutuambia, na sisi si wajibu wetu kuisemea.

Yuko kijana wa kidato cha sita, si lazima tutaje mji, aliyemuuliza ustadh wake juu ya mambo haya baada ya darsa. Akajibiwa kuwa swali hilo ni la kikafiri na asilirudie. Hakulirudia. Wala yeye mwenyewe hakurudi msikitini. Hakutangaza kuritadi na hakugombana na mtu. Aliacha tu kuonekana, kwanza kwenye darsa, kisha Ijumaa. Nyumbani kwao walidhani ni shughuli za mitihani. Wa namna yake hawahesabiki katika takwimu yoyote.

Kwa walimu tunapendekeza jambo dogo la vitendo. Chukueni sura moja ya kitabu cha Hawking au cha Dawkins, msome pamoja na wanafunzi, kila mmoja na kalamu ya risasi. Pembeni mwa kila aya mtie alama: herufi moja kwa kilichoonwa na kupimwa, nyingine kwa nadharia inayofafanua kilichopimwa, na ya tatu kwa rai ya mwandishi juu ya Mungu, maana na makusudio. Mtashangaa jinsi ya tatu ilivyo chache katika baadhi ya sura, na jinsi inavyojaza kurasa nzima katika nyingine. Kisha fanyeni zoezi hilo hilo kwa kitabu cha kujibu. Atakayekuta mahali hawezi kuamua atie alama ya kuuliza, na swali hilo lipelekwe kwa mwalimu wa baiolojia au wa fizikia, hata kama si Muislamu, kwani tunamuuliza fizikia na si fiqhi.

Darasa hilo litaanza hapa Jumamosi ijayo baada ya Alasiri, kwa vidato vya tatu hadi sita. Wasichana watakaa upande wao na wana haki sawa ya kuuliza. Mwenye swali asilotaka kulisema mbele ya wenzake aliandike kwenye karatasi na kulitia kwenye sanduku la mlangoni. Jina si lazima.

Wabillaahi tawfiiq.